Kaka Yangu Miongoni mwa Wasafiri

Kwa miaka zaidi ya arobaini nilimwombea kaka yangu pamoja na wasafiri. Kila Jumapili kigangoni kwetu, tulipofika kwenye sala za waamini, niliwaombea wagonjwa, wajane, wakulima na mvua yao, kisha nikasema, "Tuwaombee walio safarini, ili Bwana awarudishe salama." Hapo nilinyamaza kidogo. Waamini walidhani napumua. Wazee wachache tu walijua kwamba ndani ya kimya kile nilikuwa nikilitaja moyoni jina la mtu mmoja, na kwamba mama yangu alikuwa amenikataza kulihamisha.

Mimi ni katekista mstaafu, ingawa kustaafu kwenyewe ni kwa karatasi tu. Padri ana vigango vingi, na Jumapili asipoweza kufika naitwa kuongoza ibada. Kazi hii niliisomea miaka miwili, na niliyofundishwa juu ya marehemu sijayasahau: kwamba hawawezi tena kujisaidia, na sala zetu ndizo zinazowafaa. Kwa hiyo nilielewa vizuri nilichokuwa nakifanya. Kama kaka alikuwa hai mahali fulani, nilikuwa namtendea haki. Kama alikuwa amekufa, basi mimi, katekista, nilikuwa nimemnyima ndugu yangu wa tumbo moja sala ambazo niliwapa hata watu nisiowajua sura.

Kaka alinizidi miaka mitatu. Baba yetu aliugua tangu tungali wadogo, akafariki mdogo wetu wa kike akiwa bado tumboni, kwa hiyo kaka ndiye aliyenifundisha kukamata jembe, kufunga ng'ombe wa kulimia na kupiga mluzi ambao ng'ombe wanauelewa. Alikuwa na sauti. Wakati wa palizi ya pamba, majirani walipokusanyika kulima shamba la mtu mmoja kwa zamu, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na majembe yote yakamfuata. Wanawake waliokuwa wanapeleka maji shambani walisema wanajua tumefika tuta la ngapi kwa kusikiliza anaimba nini. Mimi niliimba nyuma yake. Watu walisema sauti zetu zinafanana, ila yangu ilikuwa na haya.

Vita vya Kagera vilipoanza alikuwa amekwisha kupata mafunzo ya mgambo. Lori lilikuja kuwachukua mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, tukiwa tunapanda. Alinipa fimbo yake ya kuchungia, akasema nisiitumie kupigia mbwa. Mama hakulia. Alimfungia karanga kwenye kitambaa, akamfunga rozari yake mwenyewe mkononi kama anayemfunga mtoto kamba ya kiuno, halafu akarudi shambani, kwa sababu mbegu zilikuwa zimebaki nusu debe.

Barua zilikuja mbili. Katika ya pili alisema amepata rafiki, kijana wa Kimali kule Meatu, anayemcheka kwa kuimba akiwa usingizini.

Mwaka uliofuata vita viliisha. Habari tuliisikia kwenye redio ya mwenye duka pale senta, Mwislamu mmoja mwema sana ambaye siku ile aligawa peremende kwa kila mtoto. Baada ya muda tukasikia kwamba askari wanarudi, wanavuka ziwa hadi Mwanza, halafu wanapanda treni. Mama akaanza kuchemsha viazi vitamu, akavikata, akavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Matobolwa yakikauka vizuri yanakaa miezi, na kaka aliyapenda kuliko nyama. Yalipokuwa tayari aliyajaza kwenye kikapu, tukapanda juu ya lori la pamba, mimi na yeye, hadi Malampaka kwenye stesheni.

Tulikaa siku tatu kwa ndugu wa baba. Kila treni ilipofika mama alisimama mahali palepale, karibu na pipa la maji, na kila askari aliyeshuka alimuuliza kwa jina la kaka na jina la baba. Wengi walitikisa kichwa kwa heshima. Wengine walimwamkia tu, wakapita wakikumbatiwa na watu wao. Sikuwahi kuona furaha nyingi namna ile mahali pamoja, na nakiri kwamba mimi pia niliifurahia, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba zamu yetu inakuja.

Siku ya tatu alishuka kijana mwembamba, shingo yake imekuwa ndogo kwa shati. Mama alipotaja jina, alisimama. Aliweka begi chini. Alikuwa yule rafiki wa Kimali.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma kama mtoto wa nyumbani, "yupo nyuma. Atakuja na treni nyingine."

Mama alicheka, akakaa chini palepale kwenye changarawe. Akamvuta kijana akae, akafunua kikapu. Kijana alikula bila kuinua macho. Alikula karibu nusu ya kikapu, na mama alimtazama kama anayemtazama mwanawe. Kisha kijana aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kijiji chetu ni kipi, boma letu liko upande gani wa mlima, na mzee wa nyumba ni nani baba akiwa hayupo. Nilimjibu yote. Nilidhani ni adabu tu.

Tulingoja treni nyingine, na nyingine, mpaka ndugu yetu pale Malampaka akasema kwa upole kwamba askari wa upande huu wameisha.

Miezi ikapita. Barua ya serikali ikaja kwa mwenyekiti wa kijiji, ikasema hajulikani alipo. Baba mdogo alitaka tufanye msiba, watu wakae matanga, tunyoe nywele kama ilivyo desturi, mambo yaishe. Mama alikataa. Alisema kupotea siyo kufa, na kwamba hata ndama wetu mwekundu alipotea masika mazima akarudi amenenepa. Baba mdogo alipozidi kumsukuma, mama alinigeukia mimi, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeanza kusomea ukatekista na alijua ni mimi nitakayesimama mbele ya watu kusoma majina.

"Usimtaje na wafu," aliniambia. "Siku atakayokuja mtu nyumbani kwangu, asubuhi, akakaa kwenye kigoda, akasema nimemwona amekufa kwa macho yangu, siku hiyo umtaje. Siyo kwa karatasi."

Hakuwa anabuni sheria. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Habari ya kifo haikupewa mama akiwa njiani au sokoni. Ilipelekwa nyumbani asubuhi, ikapita kwanza kwa wazee wa kiume, mleta habari ameketi, na mama mwenyewe aliambiwa wakati wanawake wa kumshika wamekwisha kukaa karibu naye. Aliyeropoka njiani alihesabiwa kuwa amemtupa marehemu barabarani. Mama alikuwa anadai haki ya mwanawe tu. Nikamwahidi.

Ikawepo basi Siku ya Mashujaa. Miaka ile ya mwanzo iliadhimishwa Septemba mosi, nasi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Wengine walikwenda Bariadi kwenye sherehe kuwakumbuka waliokufa. Mama alikwenda kutazama walio hai. Aliamka mapema, akavaa kitenge alichonunua baada ya kuuza pamba, akabeba kifurushi cha matobolwa, na tulitembea mpaka barabarani kungoja gari. Uwanjani alitafuta mahali ambapo askari wa zamani watapita karibu, na walipopita alitazama uso mmoja mmoja, bila haraka, kama anayechagua mbegu. Sherehe ilipokwisha alimpa kile kifurushi askari yeyote aliyemwona amechoka, tukarudi nyumbani. Njiani alizungumza mambo ya kawaida, mtama wa fulani umeharibiwa na ndege, mke wa fulani amejifungua. Nilipenda safari zile. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini siku moja kwa mwaka nilitembea na mama yangu peke yetu, kwenye njia ya vumbi, pamba zilizodondoka kutoka kwenye malori zimenasa kwenye miiba pande zote mbili. Namshukuru Mungu kwa safari zile, hata kama zilikuwa za kutafuta tusichokipata.

Tarehe ikahamia Julai, mkoa wetu ukawa Simiyu, magoti ya mama yakakataa gari. Aliniambia niende peke yangu nimtazamie. Nilikwenda. Kila niliporudi aliuliza, "Umetazama wote?" Nami nilijibu kwamba nimetazama wote. Mwisho alifariki kitandani kwake, asubuhi, akiwa amepokea sakramenti, na hakubadilisha neno lolote. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Kwa ajili ya mwanawe hakuzinyoa hata mara moja.

Mwaka jana padri wetu alikuwa safarini, akanituma nimwakilishe kwenye Siku ya Mashujaa. Mimi ni mtu wa kijijini, sijazoea maikrofoni. Tulikaa viongozi wa dini kwenye hema moja, shehe, mchungaji na mimi, tukiwatazama wakuu wakipanda mmoja mmoja kuweka silaha za jadi pale mnarani, mkuki na ngao, upinde na mshale. Tarumbeta ilipolia, watu wote walinyamaza, hata wauza miwa walioko nje ya kamba.

Shehe, ambaye tunafahamiana tangu alipokuwa na duka la sukari, aliniinamia. "Katekista, mwaka ule kwenye mazishi uliomba mpaka jua likahama. Leo kumbuka wazee wale kwenye hema la pili wana njaa."

Nikamwambia aniombee ufupi. Akasema hiyo dua ni ngumu, ila atajaribu.

Niliomba kwa ajili ya wote waliotoa maisha yao, na jamaa zao, na amani ya nchi. Nilipofika mwisho nikasikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye spika, nzito kuliko ninavyoijua, nami nikashtuka, kwa sababu ilikuwa ya kaka. Nikamaliza haraka. Niliporudi kukaa, shehe alinipiga kofi dogo la pongezi gotini.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mzee mmoja kutoka hema la askari wa zamani alinijia. Alitembea na fimbo, jicho moja lina mtoto wa jicho, nishani zake kifuani zimefungwa kwa pini ya nguo. Aliniamkia, akauliza kijiji changu. Nilipomtajia, aliweka kikombe chini.

"Niliposikia unaomba, niliangalia kama ni yeye amepanda pale mbele," alisema. "Mama yako alikuja Malampaka na kikapu. Mimi ndiye niliyekula."

Nilikaa, kama mama kwenye changarawe, ila mimi nilipata kiti. Naye akakaa. Alisema amekuja Bariadi kwa binti yake, anatibiwa macho, na kwamba hakutegemea kujaliwa kuiona siku hii. Alisogeza kiti chake karibu na changu. Nikaona kwamba anataka kusema yote pale pale, katikati ya vikombe na muziki.

Hapo nilijaribiwa. Nilikuwa nimengoja miaka yote ile, na mtu aliyejua alikuwa ameketi mbele yangu, mzee, mgonjwa, ambaye angeweza asiamke kesho. Neno moja tu lingetosha kunitoa katika shaka. Lakini nilimwona mama na kigoda chake. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wa yule mzee.

"Usiseme hapa," nilimwambia. "Njoo nyumbani. Asubuhi."

Alinitazama kwa lile jicho zima. "Nilikwisha kuja," alisema. "Nikashindwa."

"Basi njoo tena."

Nilimwelekeza binti yake, aliyekuwa amemleta, jinsi ya kufika kwetu kesho yake. Jioni ile nilimwambia mke wangu na mdogo wangu wa kike, ambaye sasa ni mjane na anaishi nasi. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa kubebwa kaka alipoondoka. Hakumbuki uso wake. Alinilaumu. Alisema ningemwacha aseme, kwamba mtu aliyekimbia mara moja atakimbia tena, na kwamba nimekuwa mkaidi kama mama. Nami nilikuwa naogopa hivyohivyo. Nilisali rozari, na kila nilipofika kwenye kuwaombea marehemu nililipita pembeni jina la kaka, kama nilivyozoea.

Asubuhi mke wangu alifagia uwanja, akatoa kigoda cha zamani cha mama. Majirani wawili wanawake walikuja, wakakaa na mdogo wangu ukutani bila kuambiwa kazi yao. Jua likapanda. Saa tatu ikapita. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuniangalia mara mbili kwa jicho la kusema nilikuambia, ndipo tuliposikia pikipiki.

Mzee alishuka penye zizi la ng'ombe, akamwambia binti yake abaki pale. Alitembea hatua chache, akasimama kwenye nguzo ya kona. Nikamwendea. Alikuwa ameshika ile nguzo.

"Nilifika hapa," alisema. "Miezi michache baada ya treni. Nilikuja na mjomba wangu, kwa utaratibu, tumuulizie mzee wa nyumba. Tukamsikia mama yako anatwanga na kuimba. Aliimba wimbo ambao rafiki yangu aliuimba usingizini. Mjomba akasema tuingie. Mimi nikasema huyu mama ana furaha, na furaha hiyo nimempa mimi pale stesheni. Nikageuka."

Alinieleza kwamba hakukusudia kudanganya. Pale Malampaka mama alikuwa njiani, bila mwanamke wa kumshika, na yeye alikuwa kijana; kwa malezi yake hakuweza kulitoa neno lile. Alisema atakuja na treni nyingine ili tu apate siku za kuja nyumbani kwetu ipasavyo. Ndiyo maana aliniuliza boma liko wapi. Adabu ilimfanya aahirishe, na kila mwaka uliopita ulifanya neno lenyewe kuwa zito zaidi. Nilimwelewa vizuri sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfunga mdomo jana yake kwa adabu ileile.

Nikamshika mkono, tukamalizia hatua zilizobaki. Alikaa kwenye kigoda. Aliwaamkia wanawake. Kisha alinieleza mimi, kwa kuwa sasa mzee wa nyumba ni mimi, kwa maneno machache na ya wazi: walikuwa wanavuka mto wakiwa kwenye mtumbwi, mtumbwi ukapinduka, yeye alishika kamba na kaka hakuifikia. Alimwona akizama, akaibuka mara moja, akazama. Maji yalikuwa na nguvu, hawakumpata. "Nimemwona amekufa," alisema, "kwa macho yangu haya, yalipokuwa mazima."

Mdogo wangu alilia kwa ajili ya mtu asiyemkumbuka, na wale wanawake walimshika. Mimi machozi yangu yalikuja polepole, bila uchungu niliouogopa. Mke wangu alileta chai na sahani ya matobolwa. Mzee aliyatazama, akatikisa kichwa.

"Kula," mdogo wangu alimwambia akijifuta uso kwa kanga. "Mama angekuuliza kwa nini ulibakiza nusu ya kikapu."

Akacheka, akala, nasi tukala naye.

Tulikaa matanga siku tatu, bila kaburi. Siku ya tatu tulinyoa. Mdogo wangu ndiye aliyeshika wembe, na alipofika kwangu alipapasa kichwa kizima. "Kaka, zimebaki chache," alisema. "Ungechelewa mwaka mmoja tungenyoa kofia."

Mzee alikaa nasi siku zote tatu, ndipo binti yake akaja kumchukua.

Jumapili padri hakufika, nikaongoza ibada, kichwa changu kinang'aa. Kwenye sala za waamini niliwaombea wagonjwa, wajane, wakulima. Nikasema, "Tuwaombee walio safarini," na ulimi wangu, kwa mazoea, ukasimama. Waamini wakangoja. Nilitafuta ndani ya kile kimya, nikakuta hakuna mtu wa kwangu humo. Nikaendelea hadi kwa marehemu. Nikalitaja kwa sauti jina la mama yangu, na baada yake, kwa mara ya kwanza, jina la mwanawe, na kanisa zima likaitikia.